Habari za Kunakili Picha, na Haki ya Mwenye Kuzibuni

Tangu watu walipoanza kupiga chapa vitabu na picha, swali moja limewasumbua wafalme, mabaraza na mahakimu, nao wamelijibu kwa namna nyingi. Mtu amechora picha. Mtu wa pili ameitazama, akaichora vilevile kwa mkono wake mwenyewe. Je, hiyo ya pili ni ya nani? Karatasi ni yake, wino ni wake, na jasho ni lake. Walakini sura ile hakuibuni yeye. Swali hili si la wanasheria wa Ulaya peke yao. Katika nyumba nyingi za nchi zetu yumo mtoto aliyechora katika daftari lake yule panya mwenye masikio ya duara, au yule baharia apataye nguvu kwa kula mboga, au yule Juha Kalulu aliyewachekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo. Nataka kueleza jinsi jambo hili lilivyotokea, kwa maana si rahisi kuifahamu sheria pasipo kujua ugomvi ulioizaa.

Waairishi wana habari ya kale sana juu ya jambo hili. Husimulia kwamba katika karne ya sita mtawa Kolumba, yule aliyekwenda kisiwa cha Iona mwaka wa 563 na kuihubiri Injili katika Scotland, aliazima kitabu cha Zaburi cha mwalimu wake Finnian, akakinakili usiku kwa siri. Finnian alipopata habari aliidai ile nakala. Wakapelekana kwa mfalme Diarmait, naye akaamua kwamba kama vile ndama alivyo mali ya mwenye ng'ombe, ndivyo na nakala ilivyo mali ya mwenye kitabu. Kolumba hakuridhika, na yasemekana kwamba hukumu hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya vita vya Cúl Dreimhne, yapata mwaka wa 561. Habari yote iliandikwa kwa ukamilifu mwaka wa 1532, karibu miaka elfu baada ya mambo yenyewe, kwa hiyo afadhali tuipokee kama hadithi. Hata hivyo kiko kitabu kikuukuu cha Zaburi, kiitwacho Cathach, kilichohifadhiwa katika mji wa Dublin hata leo, nacho watu wa zamani walikiamini kuwa ndicho nakala yenyewe ya Kolumba.

Mimi naona hukumu ya mfalme ina kasoro. Ndama hunyonya maziwa ya mamaye, na maziwa yakapungua. Bali Zaburi ya Finnian haikupungukiwa hata herufi moja kwa kunakiliwa. Hapo ndipo penye fundo la jambo lote. Mwizi wa mbuzi humwacha mwenye mbuzi na kamba mkononi. Mwenye kunakili picha humwacha mwenye picha na picha yake. Basi amemnyang'anya nini?

Jibu lake lilianza kuonekana wakati wa mchoraji mkuu wa Ujerumani, Albrecht Dürer, aliyezaliwa Nürnberg mwaka wa 1471 na kufa mwaka wa 1528. Dürer alikuwa akichora picha juu ya ubao, kisha ubao ule ulichongwa hata mistari ya picha ikabaki imeinuka; ukapakwa wino, ukagandamizwa juu ya karatasi. Kwa ubao mmoja aliweza kupiga karatasi mamia, na kila karatasi iliuzwa. Katika kila picha alitia alama yake: herufi A kubwa, na herufi D imesimama kati ya miguu yake, kama mtu aliyejificha mlangoni. Alama hiyo ilijulikana katika masoko yote, na mnunuzi aliyeiona hakuuliza tena.

Katika Italia alikuwako fundi hodari, jina lake Marcantonio Raimondi. Huyu alizitwaa nyingi miongoni mwa picha za Dürer zilizoonyesha maisha ya Mariamu, mamaye Bwana wetu, akazichora upya katika mabamba ya shaba, mstari kwa mstari, hata na ile alama. Vasari, mwandishi wa Italia aliyeandika habari za wachoraji, asema kwamba Dürer alipoziona nakala zile alikasirika mno, akaenda Venice kushitaki mbele ya wakuu wa mji. Nao hawakumpa zaidi ya neno moja: Marcantonio asiitumie tena alama ya Dürer. Kuhusu picha zenyewe hawakumkataza. Vasari aliandika zaidi ya miaka 50 baadaye, na wataalamu wameona makosa katika masimulizi yake. Lakini hukumu ya namna iyo hiyo imo katika kumbukumbu za mji wa Nürnberg wenyewe. Mwezi wa Januari mwaka wa 1512 baraza la mji lilisikia habari ya mgeni aliyekuwa akiuza picha karibu na nyumba ya baraza, zenye alama ya Dürer iliyotiwa kwa hila. Likaamuru aziondoe alama zote. Asipotii, picha zake zote zitwaliwe.

Angalia hukumu hiyo ilikata wapi. Baraza halikusema kwamba sura ya mtu aliyechorwa ni mali ya mchoraji. Lilisema kwamba jina lake ni mali yake, na kwamba kumdanganya mnunuzi ni kosa. Dürer mwenyewe alitaka zaidi ya hayo. Alipozipiga chapa tena picha zile mwaka wa 1511 aliongeza mwishoni maneno makali juu ya wale waibao kazi ya akili za wenzao, akataja na amri ya Kaisari Maximilian iliyomlinda. Lakini amri ya Kaisari haikufika Venice.

Miaka mia mbili ikapita kabla sheria haijafika mbali zaidi. Mwaka wa 1710 Waingereza walianza kuifuata sheria yao ya kwanza ya kuwalinda watunzi wa vitabu: mtungaji alipewa haki ya peke yake kwa miaka 14, na akiwa hai mwisho wa muda huo, aliongezewa 14 tena. Picha hazikutajwa. Kwa hiyo mtungaji wa kitabu alikuwa na mlango wa kubisha, bali mchoraji alikaa nje.

Aliyeubisha mlango huo hata ukafunguliwa ni William Hogarth wa London. Mwaka wa 1732 aliuza picha sita zilizosimulia habari ya msichana wa shamba aliyekuja mjini, akaangukia mikononi mwa watu wabaya, akafa angali kijana. Watu wa London walizigombania. Mara wapiga chapa wengine wakazinakili na kuziuza kwa bei ndogo, na Hogarth akaona faida ya kazi yake inaingia mifuko ya watu wasiokesha pamoja naye. Yeye na wenzake wakapeleka maombi katika Bunge, nalo likawakubalia. Sheria ikaanza kazi mwezi wa Juni mwaka wa 1735: mchoraji alindwe miaka 14, jina lake na tarehe vichorwe juu ya bamba, na mwenye kunakili na kuuza pasipo ruhusa alipe shilingi tano kwa kila karatasi, na mabamba yake yaharibiwe.

Wakati ule Hogarth alikuwa amekwisha tayarisha picha nane nyingine, habari ya kijana aliyetapanya urithi wa babaye. Ni kama mwana mpotevu, ila huyu hakurudi nyumbani. Akazizuia makusudi mpaka sheria ianze. Hila ya wapinzani wake ni ya ajabu. Picha za rangi, ambazo ndizo asili ya zile za kuchapwa, zilikuwa nyumbani kwake, na watu waliruhusiwa kuingia kuzitazama. Wale wapiga chapa wakatuma watu wao waende kama wageni wa heshima, wakazitazama wakazishika moyoni, wakarudi wakazichora kwa kukumbuka tu, zikauzwa kabla ya siku ya sheria. Nakala hizo zilikosea mambo mengi, lakini ziliuzwa.

Ningependa msomaji akumbuke jambo moja katika habari hiyo. Adhabu za sheria ya 1735 ziliwaangukia wapiga chapa na wachuuzi. Mtoto wa London aliyemchora yule kijana mpotevu katika karatasi yake, akambandika ukutani, hakuwa katika mawazo ya Bunge wala ya Hogarth. Kilichoibwa hakikuwa picha, bali mnunuzi.

Baada ya hapo sheria zilizidi kukua. Mwaka wa 1862 Waingereza walizilinda pia picha za rangi, michoro ya mkono na fotografu. Mwaka wa 1886 mataifa kadha wa kadha yalifanya mapatano katika mji wa Bern, Uswisi, kwamba kila taifa liwalinde watunzi wa mataifa mengine kama liwalindavyo watu wake. Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka wa 1993, na Tanzania mwaka wa 1994. Na mwaka wa 1911 ilitoka sheria kubwa ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyofuatwa hata katika Afrika ya Mashariki wakati wa utawala wao. Hiyo ilimlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ilisema pia kwamba kuitumia kazi ya mtu kwa haki, kwa ajili ya kujifunza faraghani, si kuvunja sheria. Hayo ni maneno machache sana, na watu wengi huyapita bila kuyaona.

Sasa nije kwa sungura na panya.

Sisi tuna Sungura wetu wa hadithi za jioni, yule amshindaye Fisi na Simba kwa akili. Hana mwenyewe. Bibi yangu alimsimulia, na bibi wa jirani alimsimulia kwa namna nyingine, wala hapana aliyekwenda kwa mwenzake kudai fidia. Lakini sungura wa Uingereza alikuwa na mwenyewe. Mwaka wa 1893 Beatrix Potter alimwandikia mtoto mgonjwa barua yenye picha za sungura Peter, na mwaka wa 1902 kitabu chake kilitolewa na kampuni ya Frederick Warne. Kampuni haikuiandikisha haki hiyo katika Marekani, na huko wapiga chapa wakakichapa bila kumlipa hata senti. Bibi Potter alikuwa mwerevu. Alishona mwenyewe mwanasesere wa sungura yule, akamwandikisha Uingereza mwaka wa 1903. Alikuwa ameng'amua mapema jambo ambalo wafanya biashara wengi hawajalijua bado, kwamba kiumbe wa hadithi aweza kutoka katika kitabu chake akawa mali pasipo kitabu.

Walt Disney wa Marekani alilijua jambo hilo kwa kuumizwa. Mwaka wa 1927 yeye na wenzake walianza kuchora filamu za sungura aitwaye Oswald. Zilipendwa, na mwaka wa 1928 Disney akaenda New York kuomba malipo zaidi. Akaambiwa kwamba sungura si wake, ni wa kampuni ya Universal, na kwamba wachoraji wake wengi wamekwisha ajiriwa bila yeye kujua. Akarudi bila sungura. Ndipo yeye na rafiki yake Ub Iwerks walipombuni panya, Mickey Mouse, naye akaonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928 katika filamu iitwayo Steamboat Willie. (Sungura Oswald alirudishwa kwa kampuni ya Disney mwaka wa 2006, katika mapatano ambayo upande wa pili ulipewa mtangazaji wa michezo. Ni mara chache mtu mzima kubadilishwa kwa sungura wa karatasi.)

Tangu siku ile kampuni ya Disney ilimlinda panya wake kwa ukali. Mwaka wa 1989 shule tatu za watoto wadogo katika mji wa Hallandale, jimbo la Florida, zilikuwa na picha kubwa za Mickey na wenzake zilizochorwa kwa rangi juu ya kuta. Kampuni ikataka zifutwe, la sivyo ingeshitaki. Watu wengi walikasirika, wakasema tajiri huyu ashindana na watoto. Zikafutwa, na makampuni mengine mawili, Universal na Hanna-Barbera, yakajitolea kuzichora kuta zile upya kwa watu wa hadithi zao wenyewe, bila malipo. Nayo yakapata sifa kwa gharama ya rangi.

Nadhani watu walikuwa na sababu ya kukasirika, lakini sheria haikuwa upande wao. Ukuta wa shule si daftari. Shule zile zilipokea karo, na picha zile zilikuwa mlangoni zikiwaita wazazi. Tena Baraza la Malodi la Uingereza lilikuwa limekwisha hukumu mwaka wa 1941, katika kesi ya Popeye, yule baharia, kwamba watu walioleta wanasesere wake na mapambo ya kifuani pasipo ruhusa walivunja haki ya michoro, ingawa mafundi walitazama wanasesere wengine tu, si michoro yenyewe. Yaani kubadili karatasi kuwa mti, au mti kuwa rangi ya ukutani, hakubadili mwenye haki.

Walakini haki hiyo haidumu milele. Kwa sheria ya Marekani iliyokuwapo mwaka wa 1928, panya angalilindwa miaka 56 kwa wingi wake, yaani hata mwisho wa mwaka wa 1984. Sheria ya mwaka wa 1976 iliongeza muda ukawa miaka 75, na ile ya mwaka wa 1998 ikaufanya miaka 95. Makampuni makubwa yaliitaka sana sheria hiyo ya pili, na ya Disney ilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo siku ilifika. Tarehe 1 Januari 2024 filamu ya Steamboat Willie, na panya kama alivyochorwa humo, vikawa vya watu wote katika Marekani. Panya wa siku za baadaye, mwenye suruali nyekundu na umbo jingine, ana muda wake mwenyewe. Na jina lake, likiwa alama ya biashara, lalindwa kwa sheria nyingine isiyohesabu miaka. Twaona tena ile alama ya Dürer na hukumu ya Nürnberg: sura yaweza kuwa huru, na alama ikabaki na mwenyewe.

Mzee mmoja wa kanisa letu alisikia katika redio habari za watu walioadhibiwa kwa kuvunja hakimiliki, akaniletea mjukuu wake na daftari lililojaa panya na mabata.

"Mwalimu," akasema, "umri wangu huu sijapata kuwa na mwizi nyumbani mwangu. Nieleze, huyu avunja sheria?"

"Babu, picha hizi aziuza?"

"Amuuzie nani? Azibandika juu ya kitanda chake."

"Basi mwache achore."

Sikumjibu hivyo kwa huruma tu. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka wa 1999 yaruhusu kunakili kazi iliyokwisha tolewa kwa haki, ikiwa ni kwa matumizi ya mtu binafsi na ya faragha. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2001 nayo yataja matumizi ya faragha miongoni mwa mambo yaruhusiwayo. Sheria ya Ujerumani ya mwaka wa 1965 yamruhusu mtu kufanya nakala chache kwa ajili yake mwenyewe, maadamu si kwa biashara. Katika Marekani hakuna kifungu kiitajacho picha ya mtoto. Huko hakimu hupima mambo manne, na mawili ya hayo ni haya: je, mwenye kunakili atafuta fedha, na je, soko la mwenye haki laumia? Daftari la yule mjukuu haliumizi soko la mtu. Lakini nilimwambia babu pia kwamba siku mjukuu atakapoombwa na mwenye duka amchoree panya yule mlangoni kwa ujira, au kumtia juu ya fulana za kuuza, habari itakuwa nyingine, na hapo kusema "nimechora kwa mkono wangu" hakutamwokoa.

Tena tusisahau kwamba mkono hujifunza kwa kufuata mkono. Katika jumba la Louvre, mjini Paris, lililofunguliwa kwa watu wote mwaka wa 1793, wachoraji huruhusiwa hata leo kusimama mbele ya picha za mabingwa na kuzinakili. Masharti yake ni ya hekima: nakala isiwe ya kimo sawa na picha ya asili, wala sahihi ya mchoraji isinakiliwe.

Na hapa kwetu iko habari ya Edward Saidi Tingatinga. Alitoka kusini mwa Tanzania akaja Dar es Salaam, na yapata mwaka wa 1968 akaanza kuchora ndege na wanyama juu ya mbao nyembamba za mraba, kwa rangi za kupakia baiskeli, akaziuza Oysterbay. Akawafundisha jamaa zake kadha, nao walijifunza kwa kumtazama na kufuata. Alikufa mwaka wa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanafunzi wake wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka wa 1990 wakafanya chama chao cha ushirika. Ndege wake na chui wake wamechorwa tangu hapo na mamia ya mikono, na jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe, hata mgeni ashukaye Dar es Salaam huuliza, "Tingatinga hii ni shilingi ngapi?" bila kujua kwamba ataja mtu. Dürer angalikasirika. Lakini ukitazama pembe ya chini ya ubao, mara nyingi utakuta jina la mchoraji aliyeshika brashi siku ile, lake mwenyewe, si la Tingatinga.